Muhuri Uliofutwa na Hamu

Hapo zamani, enzi ambazo uso wa mtu peke yake haukutosha kumtambulisha, palikuwa na mji uitwao Shungwani. Tegeni masikio vizuri, maana mwishoni sitajibu mimi. Mtajibu ninyi, na nawajua mnavyopenda kubishana.

Shungwani kila kijana akibaleghe alichongewa muhuri wa mpingo wenye jina lake na jina la mama yake. Alama yake ikapigwa kwenye daftari kubwa la Jumbe, mtawala wa mji. Kuoa, muhuri. Kurithi, muhuri. Kuzikwa kando ya wazee wako, muhuri. Asiye na muhuri alikuwa mgeni, na mgeni alikaa siku tatu kwenye nyumba ya langoni. Ya nne, kwaheri.

Basi kulikuwa na mjane, Bi Mize, na mwanawe wa pekee, Shaame. Shaame alipotimiza miaka ishirini akaenda bara kutafuta maisha, muhuri wake shingoni kwa uzi. Alidhani atakaa miaka miwili. Vita vikafunga njia, akakaa kumi na minane.

Alimkumbuka mama yake, jamani! Alimkumbuka mpaka chakula kikamshinda. Kila asubuhi aliushika ule muhuri, akalipapasa jina la mama kwa kidole gumba, akauambia, "Shikamoo, mama. Umeamkaje?" Kesho tena. Kesho kutwa tena. Mwaka wa kwanza tena, mwaka wa kumi tena.

Njia zikafunguka, Shaame akarudi. Mimi nawaambia mapema: alikuwa Shaame kweli, si mwingine. Ila ndui ilikuwa imemharibu uso hata wenzake wa rika moja wakampita langoni bila salamu. Bi Mize hakumpita. Alimshika masikio yote mawili, akamtazama.

"Ndiye," akasema.

"Mama, nimechelewa."

"Umefika, mwanangu. Umefika." Wakalia pale pale, mbele za watu.

Karani wa Jumbe, Bwana Msellem, akauchovya muhuri wa Shaame kwenye wino, akaupiga kwenye karatasi. Likatoka duara jeusi tupu. Akarudia. Duara tupu. Jina la Shaame halikuwepo, la mama yake halikuwepo. Kidole kilikuwa kimeyala yote mawili, siku baada ya siku, kwa hamu.

"Huu hausemi kitu," karani akasema.

"Mimi nasema!" Bi Mize akamjia juu. "Huyu nilimzaa mimi, au alizaliwa na daftari lako?"

Msihadaike mkamchukia karani. Hakuwa mtu mbaya. Alimpisha bibi kiti chake, akamwambia kwa upole: "Bibi yangu, enzi za babu yangu mama mmoja alimtambua mtu langoni bila muhuri, akalia kama unavyolia. Jumbe wa wakati ule akamhurumia, akafungua lango. Mtu yule alikuwa tapeli. Alisafiri na mwana wa kweli, akasimuliwa mambo yote ya nyumbani. Mwana wa kweli alipokuja na muhuri wake, mama alikwisha kufa na nyumba ilikwisha kuuzwa. Hakupata hata wa kumpa mkono wa tanzia. Mimi niliapa mbele ya Jumbe lisitokee tena."

Siku ya pili Bi Mize akaenda kwa Fundi Vuai, aliyeuchonga muhuri ule.

"Unaikumbuka kazi yako?"

"Kila mkwaruzo, dada. Nikiurudia, Msellem hatatofautisha."

"Basi urudie, nakuomba."

Fundi akachukua patasi. Akaishika kitambo, kisha akaiweka chini. "Mtu huchongewa mara moja tu, ndivyo nilivyoapishwa. Leo nitachonga kwa machozi yako, nami najua ni ya kweli. Kesho atakuja mwingine na machozi yake. Nitayapimaje?"

Siku ya tatu akaenda kwa Jumbe mwenyewe. Jumbe akamsikiliza mpaka mwisho, akafumba macho. "Mama Shaame, neno langu moja lingetosha kumwingiza. Lakini nikiingiza watu kwa neno langu, nitaweza kuwatoa kwa neno langu pia. Daftari linawalinda ninyi dhidi yangu."

Siku ya nne Shaame akafunga mzigo wake. "Kosa ni langu, mama. Mkono wangu ndio ulioharibu. Rudi ndani."

Bi Mize hakurudi ndani. Alikwenda mezani kwa karani, akavua muhuri wake mwenyewe, akauweka juu ya daftari. "Kama mwanangu ni mgeni, mama wa mgeni ni nani? Nifute na mimi."

"Bibi, mumeo amelala hapa. Hutazikwa naye."

"Miaka kumi na minane nimeishi na wafu, Msellem. Nimemkosa aliye hai. Nifute."

Karani akafuta, machozi yakidondokea wino. Mama na mwana wakatoka langoni, mama na fimbo yake, mwana na mzigo. Mji mzima ukawatazama.

Ndipo Jumbe akasimama. "Haiwezekani aondoke hivi. Mmoja wetu awafuate akamwombe radhi."

"Niende mimi," akasema karani. "Kalamu ni yangu."

"Kalamu iliandika ulichoambiwa," akasema Fundi Vuai. "Mimi nilikuwa na dawa mkononi nikaiweka chini."

"Nanyi mlishika viapo nilivyowaapisha mimi," akasema Jumbe.

Kizee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Radhi mtaomba, halafu? Mtawarudisha na kulichoma daftari, au mtawaomba radhi na kuwaacha waende?"

Wote watatu wakageukia njia. Wasikilizaji wangu, bibi anatembea polepole, bado anaonekana kwenye kona ya njia. Je, nani anastahili kumkimbilia, na akimfikia amwambie nini?