Shada Moja la Siwema

Sogeeni karibu. Leo nina kesi ya shada la maua, na mahakimu ni ninyi.

Shule moja ilikuwa na watu watatu. Mwalimu Kitwana alijua kusubiri. Chausiku, mwanafunzi, alijua kusema. Bi Nyamizi, mwalimu mkuu, alikuwa na sauti ya kusikika hadi barabarani.

Pamoja nao alikuwepo Siwema wa darasa la tano. Majibu alikuwa nayo, ila akisimama ulimi unaganda. Darasa, kwa mapenzi tu, likampigia makofi ya kilo, yale ya darasa zima kwa pamoja, kumtia moyo. Maskini, makofi yale ndiyo yaliyommaliza! Aliketi bila kutoa neno, mpaka ikasemwa hajui kusoma, arudie darasa.

Mwalimu Kitwana naye ana haya. Chai hunywa peke yake stoo ya vitabu. Lakini kwenye kikao cha walimu alisimama. "Naomba nipewe Ijumaa moja," akasema. Ijumaa ikafika, akapiga marufuku makofi. "Someni kimoyomoyo kwanza. Siwema, ukiwa tayari, utasimama."

Siwema akasimama. Akafungua kitabu. Chausiku, jirani yake wa dawati, alizoea kumjibia kila swali. Siku hiyo alijiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka pima. Siwema alimwona, akajua rafiki yake anateseka kwa ajili yake.

Mlangoni akatokea mkaguzi. "Mbona darasa limepoa? Mwalimu amelala?" Bi Nyamizi, aliyeongozana naye, akamzuia kwa mkono. "Taratibu, bwana mkaguzi," akanong'ona, yeye ambaye hajawahi kunong'ona. "Mtoto anajiandaa."

Ndipo Siwema akasoma. Polepole, ukurasa mzima. Akaisikia sauti yake mwenyewe, akaipenda.

Hakurudia darasa. Leo ni mahafali ya darasa la saba, na desturi ya shule ni hii: kila mhitimu humvika shada mtu mmoja tu aliyemfikisha hapo. Siwema amelishika lake. Mwalimu Kitwana amejibanza nyuma ya spika. Chausiku anamkonyeza. Bi Nyamizi anajifanya anapanga viti, na machozi yanamlengalenga.

Msiniambie alikate vipande vitatu. Mama yake amelisuka kwa mkono wake. Wote watatu anawapenda, na mgeni rasmi anasubiri.

Je, wewe ungemvika nani?