Jina Lililofutwa Ubaoni

Hapo zamani, tena zamani ya juzijuzi tu, maana umeme ulikuwepo na wali wa kantini ulikuwa na mawe kama wa leo, palikuwa na bweni la wasichana katika chuo kikuu kimoja. Msiniulize chuo gani. Nikitaja mtabishana kuhusu chuo, na mimi nataka mbishane kuhusu hili.

Mlangoni mwa bweni palikuwa na ubao. Aliyehitaji kufuatwa chumbani kengele ya moto ikilia, jina lake liliandikwa pale, na pembeni jina la mwenzake wa kumfuata. Akisafiri linafutwa, mtu asije akaingia motoni kumtafuta asiyekuwepo. Tuko pamoja?

Haya. Tumpe alikuwa kiziwi. Mwenzake wa kumfuata alikuwa Mwanahija, wa chumba kimoja naye. Siku moja Tumpe akamwendea mlezi wa bweni, Mama Kokugonza, akamwandikia kwenye karatasi: "Shikamoo Mama. Naomba unifute ubaoni. Kila apitaye anasoma jina langu, ananiita maskini. Nimekuja kusoma, sikuja kuhurumiwa."

Mama akasoma, akasema moyoni, huyu ni mtu mzima. Akafuta.

Jumatano mchana nyaya zikashika moto ghorofa ya pili. Kengele ikalia. Tumpe alikuwa amelala, ametoka kwenye mtihani wa mwisho. Mwanahija alikuwa uani anafua. Akakimbia hadi mlangoni, akatazama ubao. Jina hakuna! Akasema, "Alhamdulillahi, kumbe keshaondoka kwenda kwao." Akajiunga na wenzake nje.

Tumpe aliamshwa na moshi. Akashika kitasa cha mlango kwa mikono miwili, na kitasa cha chuma kilikuwa kimeshapata moto. Alitoka hai, jamani, alitoka. Lakini mikono yote iliungua, na kwa mikono hiyo ndiyo alikuwa akizungumza.

Kesho yake chuo kikaitisha kikao. Mwenyekiti akasema, "Aliyesababisha haya ataondoka hapa leo."

Mama Kokugonza akasema, "Mtoto aliniomba heshima yake, nikampa. Ningekataa mngesema namnyanyasa."

"Mbona hukumwambia mwenzake?"

"Wanalala chumba kimoja, baba! Nilijua wameshaambizana."

Mwanahija akalia. "Mimi nilifuata ubao, kama mlivyotufundisha."

"Si asubuhi mliamka pamoja?"

"Tuliamka pamoja, ndiyo. Lakini mitihani imeisha, kila mtu anabeba begi lake anaondoka. Ningejuaje mimi?"

Sauti ikatoka nyuma: "Na huyo Tumpe je? Kajifutisha mwenyewe, wala hakumwambia rafiki yake!"

Watu wakamgeukia Tumpe. Bandeji zilifika viwikoni. Mkalimani wa lugha ya alama akamwambia ajibu kwa kichwa tu. Kosa ni la Mama? Akatikisa kichwa, hapana. La Mwanahija? Akatikisa tena, hapana. Ni lako? Tumpe akamkodolea macho mkalimani, machozi yakamtoka, na hakutikisa wala hakuitikia.

Mimi nimechoka, nawaambieni ukweli. Nikimfukuza Mama, naona nimefukuza aliyesikiliza. Nikimfukuza Mwanahija, nimefukuza aliyetii. Nikimfukuza Tumpe, Mungu wangu, hata kujitetea hawezi! Nikisema wabaki wote, naitazama mikono ile, moyo unakataa.

Mwenyekiti kashika kalamu, anawasubiri nyinyi. Je, aandike jina la nani?