Hodi ya Mzee Senzige

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni basi, msikie.

Hapo kale, mlima ulipokuwa bado haujatobolewa, palikuwa na kijiji kilichokosa maji. Maji yalikuwa upande wa pili wa mlima. Wanawake walipanda, wakashuka, wakapanda tena, mitungi kichwani. Nakijwa alikuwa miongoni mwao, mtoto mgongoni, akichechemea mguu mmoja.

Baba mkwe wake, Mzee Senzige, akasema, "Tutoboe mlima, maji yaje yenyewe."

Wakachimba. Ti! Ti! Ti! Udongo wa juu wakauzuia kwa nguzo za mianzi.

"Kateni mwanzi uliokomaa, ule mchanga uacheni ukue," Mzee aliwafundisha. "Kisha ulowekeni mtoni mpaka uache kunuka. Msipouloweka, wadudu bungua watautafuna ndani, nje muuone mzima."

Kila asubuhi aligonga nguzo kwa kidole. "Hodi, mlima!" Nguzo nzima huitika: Ngo!

Mwanawe Mnzava, mume wa Nakijwa, alicheka. "Baba, huko ndani kuna mwenyeji wa kukupa uji?"

"Cheka, mwanangu. Ila ukisikia Pwa, usingoje uji."

Mzee akaugua. Kazi ya kuloweka ikawa ya Nakijwa. Akaitazama mianzi majini. Akautazama mguu wake. "Jamani, mpaka lini? Inatosha." Akaitoa, bado inanuka, wachimbaji wakaisimika mlimani.

Mzee akauliza kutoka kitandani, "Imelowa vizuri, mama?"

Nakijwa akainamisha macho. "Imelowa, baba."

"Basi nimepumzika."

Mvua ikanyesha, ikaanuka. Mzee akapona, akaingia mlimani polepole. Hodi! Ngo! Hodi! Ngo! Akafika katikati. Hodi!

Pwa.

Unga mweupe ukadondoka.

"Baba, mianzi hii haikulowekwa!" Mnzava akapiga kelele.

"Imelowekwa. Nakijwa ameniambia. Tokeni!"

Mzee akaingiza bega chini ya dari. Wachimbaji wakatoka, mmoja mmoja. Mnzava akawa wa mwisho. Akageuka amshike baba yake mkono.

Gudugudu! Gudum!

Mlima ukamfunika Mzee.

Matangani, Mnzava alimsimulia mkewe maneno yale ya mwisho. Nakijwa akaweka bakuli chini. Akasimama mbele ya watu wote. "Haikulowekwa. Nilimdanganya."

Hakuna aliyemtukana. Heri wangemtukana.

Wakachimba upya, kwa mianzi iliyokaa majini mpaka ikaacha kunuka. Maji yakaja, chururu, chururu, hadi mlangoni. Watoto wakayachezea.

Tangu siku ile Nakijwa hakumwachia mtu kazi ya kuloweka. Na kila asubuhi, mpaka uzee wake, alikwenda kugonga nguzo.

"Hodi, baba."

Ngo!

Nguzo iliitika. Baba hakuitika.

Anayekuamini, wanangu, haligongi neno lako kulipima. Huliegemea tu.

Hadithi yangu nimeifikisha mlangoni pa mlima, na hapo ndipo inapoishia.