Siku Wakwezi Walipopumzika Mnazini

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakitafuta vibarua na kukopeshana chumvi kama sisi, aliishi Kindi, mjane mwenye mwili mdogo na watoto wengi. Kazi yake ilikuwa ukwezi. Alipanda minazi ya watu akaangua nazi, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Shamba kubwa kuliko yote lilikuwa la Kiboko. Hapo Kindi alikwea pamoja na Komba na Tumbili, tangu umande haujakauka mpaka jua linaelekea kuzama. Jioni Kiboko alimpa kila mmoja nazi moja. Moja tu! Mara nyingine ni koroma, nazi isiyokomaa, lisilotoa hata tui.

Usiku mmoja mtoto wa mwisho wa Kindi alimwambia, "Mama, nimeramba mpaka kifuu. Bado nina njaa."

Kulipokucha, Kindi akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi. Kesho wakwe zangu, akina Kifaru, wanakuja kumposa binti yangu."

"Hongera, bwana. Nimekuja kuomba ujira wa siku nzima. Nazi tano, na chakula cha mchana."

"Hoo! Hoo! Hoo!" Kiboko alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Siku nzima ipi? Kazi yenu ni kuokota nazi na kuzifua maganda hapa chini. Huko juu mnapigwa na upepo, mnakaa kivulini. Hayo ni mapumziko!"

Kindi alishikwa na hasira. Akaimeza.

"Mapumziko, bwana?"

"Mapumziko matupu!"

"Basi naomba urudie, na mama naye asikie, nisije nikawapotosha wenzangu."

Kiboko alipenda sana kusikilizwa. Akamwita mkewe, akatunisha kifua. "Mkwezi akiwa chini, yuko kazini. Akiwa juu, yuko mapumzikoni. Na neno langu halibadiliki!"

"Ahsante sana, bwana," alisema Kindi, akaondoka mbio.

Akawaendea wenzake, akawaeleza alivyoomba nazi tano na alivyojibiwa. Tumbili akakuna kichwa. "Lakini dada, si wewe uliyekubali nazi moja? Kiboko aliniambia hivyo."

"Mimi? Mimi aliniambia ni wewe!"

"Loo!" Komba akaruka. "Na mimi aliniambia ni nyinyi wawili!"

Wakatazamana. Kisha wakacheka mpaka wakashika mbavu, na walipomaliza kucheka, wakakubaliana.

Asubuhi ya ugeni, wote watatu wakapanda minazi, kwe! kwe! kwe! Wakafika kileleni, wakanyoosha miguu.

Chini, mchele wa wageni ulikuwa umeshaoshwa, unangoja tui. Kiboko akasubiri. Hakuna nazi iliyoanguka.

"Nyie! Angusheni nazi!"

"Tumepumzika, bwana!" alijibu Kindi. "Ahsante kwa upepo!"

"Ahsante kwa kivuli!" alisema Komba.

Tumbili alijifanya amelala. Alikoroma tu, khrrr, khrrr.

Kiboko akaukumbatia mnazi, akautikisa kwa nguvu zake zote. Puu! Nazi ikamwangukia mgongoni.

"Uwiii!"

"Pole, bwana! Hiyo imeanguka yenyewe. Sisi hatujagusa kitu."

Akajaribu kukwea. Akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, mara chwaa! akateleza, pwaa! akakaa chini kwa makalio.

Mkewe akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Mume wangu, mbona unahangaika? Si upande, ukapumzike nao? Wakwe zako wameshavuka mto. Niwape wali mkavu?"

Kiboko akatazama njia. Vumbi la akina Kifaru lilikuwa linaonekana. Sauti ikampungua.

"Kindi, mwanangu, angua basi."

"Kwani kuangua ni kazi, bwana?"

"Ni kazi."

"Huku juu hatusikii!"

"NI KAZI!"

"Ya siku nzima?"

"Tangu mguu ukanyage mnazi mpaka jua lielekee kuzama!"

"Nazi tano?"

"Tano!"

"Kwa kila mmoja? Zilizokomaa?"

Kiboko akafumba macho. "Kwa kila mmoja! Zilizokomaa!"

"Na chakula cha mchana?"

"Hicho napika mimi," alidakia mkewe. "Semeni tu mnataka mboga gani. Lakini shusheni nazi!"

Puu! Puu! Puu! Nazi zikamiminika kama mvua. Komba akafua, Tumbili akakuna, Kindi akakamua tui. Akina Kifaru walipokaribia uani, harufu ya wali ilikuwa imewatangulia.

Jioni watoto wa Kindi walikula mpaka wakasinzia na matonge mkononi. Kindi akawafuta midomo mmoja mmoja, kisha akakaa chini, miguu ikimuuma, akashukuru. Aliwashukuru Komba na Tumbili, ambao wangeweza kushuka kwa kelele ya kwanza wasishuke. Alimshukuru mke wa Kiboko, aliyemfungia na ukoko wa kwenda nao nyumbani. Alimshukuru hata Kiboko, tena kwa moyo safi. Maana alipiga kelele kiasi kwamba wenye mashamba yote ya jirani walisikia, na tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumpa mkwezi pungufu ya nazi tano.

Basi, wanangu, msidharau kazi ambayo nyinyi wenyewe hamwezi kuifanya.