Jumamosi za Mzee wa Ghorofa ya Tatu

Ndugu zangu, neno langu la leo si tamu. Nawaambia mapema ili mwenye udhuru atoke sasa hivi kwa adabu, asije akatoka katikati akijifanya simu imeita. Nawapa mfano.

Alikuwepo mwanamke mmoja, mjane, fundi wa cherehani, akiishi katika mji mzuri. Mnaijua miji ya namna hiyo. Lami mpaka vichochoroni, katikati ya barabara pamepandwa maua, na yupo mtu analipwa kuyamwagilia hata siku ya mvua. Lakini huyu mama hakukaa kwenye maua. Alikaa nyuma yake, ghorofa ya tatu, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu cherehani na kitanda chake, upande ule baba yake mzazi.

Baba alikuwa mkulima tangu ujana wake. Magoti yalipovimba na macho yakaanza kufifia, watoto walikaa kikao. Kaka mkubwa akasema nyumba yake ina wageni. Kaka mdogo akasema mkewe ana presha. Akabaki binti, kwa sababu binti hakusema kitu. Basi mzee akabebwa mgongoni, akapandishwa ngazi hamsini na nne, na tangu siku hiyo hakushuka. Miezi minane! Jamani, nani kati yetu amewahi kukaa chumba kimoja miezi minane? Humu ndani ibada ikizidi saa mbili tu nawaona mnavyoutazama mlango. Yeye alikaa dirishani kutwa, akiangalia mabati ya watu. Mvua ikinyesha anauliza, "Mwanangu, watu wameshapanda?" Binti anamjibu, "Mjini hawapandi, baba." Mvua nyingine ikija anauliza tena.

Kodi ya chumba kile ikapandishwa. Haijapoa, ikapandishwa tena. Mama akashona mpaka vidole vikaota sugu, na bado kila alichopata kilikwenda kwa mwenye nyumba.

Sasa, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kulikuwa na mji mwingine. Huo ukiutaja watu wanacheka. Vumbi, mitaro wazi, umeme wa kubahatisha, na kiwanda cha mafuta ya alizeti ambacho harufu ya mashudu yake inakupokea stendi kabla hujashuka. Watu wa mji mzuri hawakutaka hata kuutaja jina. Walisema "kule", basi. Lakini kule nyumba zilikuwa rahisi. Mama akaaga kwamba anafuata vitambaa, akapanda basi, akaenda. Mnaona? Kutazama nyumba tu, mtu mzima alidanganya.

Alikuta vyumba vitatu vya chini, ua wa kutosha, na baraza inayotazama njia ya sokoni. Mwenye nyumba, bibi mmoja wa makamo, alikuwa anachambua mchele.

"Mzee wako anatembea?" bibi aliuliza.

"Anajikongoja, bibi. Pakiwa tambarare."

"Hapa ni tambarare mpaka sokoni. Mlete. Na cherehani yako iweke hapo barazani. Fundi wetu alifariki, tunahangaika na nguo zetu."

Kabla hajaondoka, jirani alishasikia na kumletea gauni la kupunguza. Mama alirudi mji mzuri na vumbi hadi magotini, na furaha ambayo hakuwa nayo tangu amzike mume wake.

Alipomweleza baba yake, mzee aliuliza jambo moja. "Kuna mahali pa kukaa nje?"

"Upo ua, baba. Na kuku wa jirani wanaingia."

"Kuku!" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Siku hiyohiyo alifunga nguo zake kwenye shuka, akaliweka furushi karibu na mlango.

Kilikuwa kimebaki nini hapo? Gari la mizigo tu. Lakini huyu alikuwa mtu wa jumuiya, na mtu wa jumuiya haondoki kimyakimya. Anaaga. Jumatano, baada ya maombi, akasimama akasema nia yake.

Mwenyekiti wa jumuiya akavua miwani. "Kule? Dada, kule si wanakwenda walioshindwa na maisha?"

"Mimi sijashindwa, mwenyekiti. Baba ndiye anashindwa na ngazi."

Hapo akadakia mama mmoja, mwota ndoto wa jumuiya. Msicheke, kila jumuiya inaye. "Mungu wetu anapandisha, mwanangu, hashushi! Hiyo ni roho ya kurudi nyuma. Tufunge siku tatu, tuulize."

Wakafunga. Siku ya tatu wakakusanyika chumbani kwa yule mama, pamoja na mchungaji wao. Mwota ndoto, akiwa bado anahema kwa zile ngazi, akasema ameonyeshwa begi kubwa limetoboka chini, na vitu vinadondoka njiani mpaka likabaki tupu. Watu wakapiga kelele. Mchungaji akaweka mkono kichwani kwa yule mama, akatamka kwa sauti ya kutikisa madirisha: "Mlango huo wa kule tumeufunga!" Wote wakasema amina.

Nyuma ya pazia mzee alikuwa anasikiliza. Niambieni, katika watu kumi na wanane waliojaa chumba kile, nani alifunua pazia na kusema, "Shikamoo mzee, na wewe unaonaje?" Hakuna. Hata binti yake hakulifunua.

Mama akauliza kwa upole, "Na habari ya ngazi?"

"Ngazi si tatizo," mwenyekiti akasema. "Vijana tunao. Kila Jumamosi watakuja wanne, watamshusha mzee na kiti chake, apunge upepo, halafu wampandishe. Katibu, andika majina." Orodha ikaandikwa palepale, zamu mpaka mwisho wa mwaka, na katibu akaisoma kwa sauti.

Je, huyu mama alilazimishwa? Nisiwadanganye. Moyoni alisikia raha. Watu kumi na wanane kufunga kwa ajili yake, kumwambia wewe ni wetu, usituache! Na zaidi ya hapo alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa siku atakayokutana na mtu stendi amwulize siku hizi unakaa wapi. Kwa hiyo alipompigia simu yule bibi, alikuwa karibu kushukuru.

"Mbona ulishanikubalia?" bibi alisema.

"Kanisa limeomba, bibi. Mlango umefungwa."

Bibi akauliza, "Na mzee anasemaje?"

 Mama alisema salio limekwisha, akakata. Alipogeuka alimkuta baba yake anafungua furushi mwenyewe, anatoa shati moja moja. "Haina neno, mwanangu," mzee alisema. "Kama watakuja Jumamosi, haina neno."

Jumamosi ya kwanza walikuja wanne kama walivyopangwa. Wakamshusha mzee na kiti chake, wakampiga picha, wakaziweka kwenye kundi la simu. Mzee alikaa chini ukutani saa tatu nzima, akimsalimia kila apitaye, mpaka askari wa maegesho akavuta jiwe akakaa naye. Jumamosi ya pili walikuja wawili. Wawili hawawezi kubeba kiti kwenye ngazi zile, kwa hiyo walipanda, wakamwombea, wakashuka. Jumamosi ya tatu ukaja ujumbe: mmoja ana udhuru, mwingine ana harusi, mwingine yuko safarini. Ya nne ikaja ile michoro ya simu, vile vikono viwili vya manjano vilivyokutana kuomba. Vikono hivyo vikamiminika siku nzima. Hebu nambieni, ni kikono kipi kati ya vile kingeshika mguu wa kiti?

Na mzee, kila Jumamosi, alinyoa ndevu kwa kupapasa. Alivaa koti lake la kikoloni, akakaa kwenye kiti akielekea mlango. Binti anamwambia, "Baba, leo nadhani hawaji." Naye anajibu, "Tungoje kidogo, pengine foleni." Alingoja Jumamosi kumi na moja.

Ya kumi na mbili binti alitoka kupeleka sare za shule alizoshona. Mzee akangoja mpaka mchana. Halafu akasimama mwenyewe, akafungua mlango, akaanza kushuka. Alifika kona ya pili ya ngazi. Majirani ndio waliomkuta pale chini ya kona, na koti lake limefungwa vifungo vyote. Alikuwa ameshakata roho.

Sasa sikilizeni kanisa lilivyo hodari. Kabla saa haijaisha ngazi zilijaa! Wanaume wanane walimbeba mzee, wakipokezana, wengine wanagombea nafasi. Mikono kumi na sita, ndugu zangu. Kamati ikaundwa, mahema yakafungwa, vitenge vya sare vikanunuliwa, mabasi mawili yakakodiwa kumsindikiza mpaka kijijini kwake. Kaka mkubwa na kaka mdogo nao wakaonekana, wamekaa mbele. Hakuna aliyetuma udhuru.

Na barabara ya kwenda kijijini ilipita wapi? Ilipita kule. Msafara ukasimama stendi watu wanunue maji. Mwota ndoto akashuka, akajinyoosha, akaangalia huku na huku. "Kumbe kumechangamka!" akasema. "Na vyakula bei poa. Mtu angeweza kuishi hapa bila wasiwasi." Mama fundi alikuwa amekaa dirishani juu yake, na alimsikia kila neno. Mkononi ameshika picha ya baba yake iliyowekwa kwenye fremu. 

Baada ya arobaini alikwenda kuiaga jumuiya kwa mara ya pili. Safari hii hakuomba ushauri. Alisema gari la mizigo linakuja Jumatatu, anahamia kule. Hakuna aliyetaja roho ya kurudi nyuma. Mwenyekiti alisimama, akatafuta la kusema, akalipata lile ambalo sisi hulipata siku zote. "Basi dada, nenda kwa amani. Sisi tutakuombea."

Mama akamtazama, akasema, "Naombeni msiniombee."

Ndugu zangu, mmesikia? Mkristo, mtu wa sala tangu utoto, anawaambia wenzake waliompenda: msiniombee. Alikufuru? Mimi sidhani. Nadhani aliyajua maombi yetu yanavyofanya kazi. Tuliomba mara moja tukamfungia mlango. Tuliomba mara ya pili tukasahau ngazi.

Nimesema tuliomba. Majina yote nimeyaficha na nitaendelea kuyaficha, ila la mchungaji sina sababu ya kulificha. Mkono uliowekwa kichwani kwa yule mama ni huu hapa. Mimi ndiye niliyetamka kwa sauti kubwa, na sikuwahi kupanda ngazi zile Jumamosi hata moja. Nilikuwa na udhuru.

Kwa hiyo sitawaambia "ninyi". Nasema sisi. Sisi tuna kamati ya mazishi yenye mwenyekiti, katibu, mhazini na mahema mawili mapya. Kamati ya walio hai iko wapi? Sisi mtu akisema anahamia mahali pa bei ndogo ili apumue, tunamwuliza watu watasemaje, na hao watu ni sisi wenyewe! Tunamtisha kwa midomo yetu, tunamfungia kwa ndoto zetu, halafu akianguka tunashona sare. Wapo humu leo wanaotaka kwenda kule. Wameshaona nyumba, wameshaulizia gari. Wanaogopa kusimama na kuaga, na wana haki ya kutuogopa.

Kuna bibi mmoja wa kanisa hili, ghorofa ya pili nyuma ya soko. Mnalijua jina lake, tunalisoma kila wiki kwenye orodha ya wagonjwa, tunasema amina, tunakwenda kwenye tangazo linalofuata. Kijana wake amepata vyumba viwili kule, vya chini, na wanahama kesho saa mbili asubuhi. Hakuja kuomba ushauri wetu. Ameomba watu wa kumshusha mama yake.

Nahitaji wanne. Msifumbe macho, msiinamishe vichwa, sitaki mtu wa kuomba. Nataka wa kubeba. Wa kwanza ni mimi, wamebaki watatu, na sala ya kufunga ibada sitaitoa mpaka niwaone wamesimama.