Ugo wa Mwenye Baridi

Hapo zamani za kale, wanangu, makabati yalipokuwa bado hayajaijua kufuli, wanyama wa mlimani walikuwa na ugo wao, uzio wa fito, karibu na kisima. Kipupwe kilipoanza kuuma, kila nyumba ilitoa sweta, shuka au blanketi la ziada, ikalitundika pale alfajiri. Mtoaji alikwenda zake bila kugeuka nyuma. Mwenye baridi akipita alichukua, akavaa, wala hakuulizwa kitu.

Ah, majirani wale! Nikiwasimulia, moyo unaniuma. Sisi wa leo jirani tunamjua kwa kishindo cha mlango wake tu.

Bi Pimbi alikuwa mdogo kuliko wote pale, ila kwa maneno hakuna aliyemfikia. Alifika mlimani yatima, meno yanagongana, ka-ka-ka! Sweta lake la kwanza alilipata ugoni. Lilikuwa la kahawia, limetoboka viwiko, linanukia moshi wa jiko la mtu asiyemjua. Hata uzeeni, akiikumbuka harufu ile, machozi yalimlengalenga.

Basi mwaka mmoja Mama Digidigi alijifungua siku ileile baridi ilipoingia. Bi Pimbi akatoka mbio kwenda ugoni kumtafutia mtoto cha kujifunika. Lo! Ugo mtupu, hata kitambaa cha kichwa hakuna.

"Nguo ziko kwangu," ilisema sauti nzito nyuma yake.

Alikuwa Bwana Nyati, mwenye ngozi nene kama gome la mti.

"Zote, mzee wangu?"

"Zote. Nasikia baridi. Au siku hizi mwenye baridi anaulizwa?"

Kumuuliza Bi Pimbi hakuweza. Desturi ilimfunga mdomo.

"Lakini kitoto cha Mama Digidigi kimepoa miguu, mzee. Usiku wa leo hakiuwezi."

"Mama yake aje mlangoni kwangu apige goti, aombe kwa adabu. Miaka yote natundika mablanketi mazito mazito, nani kaniambia ahsante? Hata mmoja!"

"Mzazi wa leo asubuhi apige goti kwenye umande?"

"Goti halivunjiki," alisema Nyati, akaondoka puu, puu, puu!

Bi Pimbi alikasirika mpaka masharubu yakamsimama. Alivua sweta lake akamfunika nalo mtoto, lakini lilimfikia kifuani tu. Miguu ikabaki nje inatetemeka. Akakaa kidogo, akawaza. Kisha akatoka akipiga yowe nyumba hadi nyumba.

"Jamani! Bwana Nyati ana baridi mbaya! Kajifunika nguo za ugo mzima na bado anatetemeka!"

"Masikini! Na mwili wote ule!" alilia Mama Kanga, akabandika uji wa tangawizi.

Ngiri alibeba mzigo wa kuni. Nungunungu alikuja na kopo la mafuta ya kuchua. Majirani wa enzi zile hawakungoja kuitwa mara mbili, na mlango wa mgonjwa haukubishwa hodi. Wakaingia, wakamlaza Nyati kitandani na kumrundikia nguo zote, blanketi juu ya blanketi. Moto ukawashwa, uji ukamiminwa kinywani, gluk, gluk!

"Niacheni! Mna nini nyie?"

"Tulia, baba," alisema Mama Kanga. "Wa baridi hafunuliwi mpaka aseme mwenyewe imekwisha."

"Anaweweseka huyo," alisema Bi Pimbi. "Ngiri, ongeza kuni!"

Jasho likamtoka Nyati, tiriri, tiriri! Macho yakamwiva. Pembe zenyewe zikafuka mvuke.

"Nakufa! Sisikii baridi mimi!"

"Ati nini, mzee? Sema kwa sauti, wakusikie."

"Sisikii baridi! Sijapata kusikia baridi tangu nizaliwe!"

Mama Kanga akaweka upawa chini. Ngiri akalitazama rundo la nguo, kisha akamtazama Nyati, akatikisa kichwa.

"Haya," alisema Bi Pimbi kwa upole, "mzee mwenyewe kasema. Mfunueni, jamani, nguo ziende kwa wenye baridi."

Kila mmoja akabeba alichoweza. Bi Pimbi alichagua blanketi zito kuliko yote, akaliburuta mwenyewe mpaka kwa Mama Digidigi. Kitoto kilipofunikwa kilipiga chafya, chya! Kikanyoosha miguu, kikalishika ziwa la mama na kuanza kunyonya. Bi Pimbi alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

"Blanketi hili la nani?" aliuliza Mama Digidigi.

"La mtoto," alijibu Bi Pimbi.

Hadithi yangu nimeianua, ikunjeni mwende nayo: ukimsitiri jirani, usimtoze shukrani.