Kiti cha Aliyemfundisha Namsifu

Hapo zamani za juzijuzi, mjini Same, palikuwa na mshonaji aitwaye Nakijwa, na binti yake Namsifu. Namsifu alikuwa darasa la pili na hajui kusoma. Mwalimu akasema mwaka ukiisha hivi, mtoto atarudia darasa.

Shangazi yake Namsifu, Elinisafi, alifanya kazi katika duka la kuchapisha. Akatafuta mtandaoni vijitabu vya kusomea vya ngazi kwa ngazi: cha kwanza maneno mawili kila ukurasa, cha mwisho hadithi nzima. Akavichapa, akavibana pini, akavileta.

Nakijwa akafundisha. Kila alasiri aliacha cherehani akashika kijitabu. Wiki ya kwanza, ba, be, bi. Mwezi wa pili, ba, be, bi. Wateja wakanuna, nguo zao haziishi. Mwezi wa nne Namsifu akasoma ngazi ya tatu bila kusita. Nakijwa alikuwa karibu kumshukuru Mungu, ndipo akaona mtoto amefunua kurasa mbili kwa pamoja na bado anasoma maneno ya ukurasa alioruka. Kumbe alikuwa amevikariri vyote.

Nakijwa alichoka hata kugomba hakuweza. Alivirarua vijitabu, pini zikang'oka, akavitupa uani, akarudi kwenye cherehani machozi yakimlenga.

Mama yake Nakijwa, bibi ambaye hakuwahi kuketi darasani, akaokota kurasa akazishona kwa uzi. Hakujua ipi inafuata ipi. Kesho yake akamwita mjukuu amsomee. Namsifu akaanza kwa ghibu, bibi akamkatiza.

"Unasema mbuzi, mbona mimi naona picha ya jogoo?"

Mtoto akatazama. Jogoo alikuwa kwenye vijitabu vitatu, picha haikumsaidia. Ikabidi arudi kwenye herufi. Jo-go-o a-na-wi-ka. Wakafumua, wakapanga, wakashona upya, siku kumi na moja, na njia ya kupanga ilikuwa moja tu, kusoma. Mwezi ulipoisha, Namsifu aliisoma barua ya shule mwenyewe.

Barua ilisema siku ya wazazi kila mtoto atasoma mbele ya watu, na kando yake ataketi yule aliyemfundisha. Kiti ni kimoja.

Hapo nyumba ikawaka moto. Elinisafi akasema, "Bila karatasi zangu mngesoma nini? Ukuta?"

Nakijwa akasema, "Hizo herufi alizopangia kurasa, alizipata wapi? Nimeimba ba, be, bi miezi minne mpaka nikaziota. Nimekosea siku moja tu."

Bibi akasema, "Mimi sijui kusoma, sikumfundisha mtu. Ila mlipomchoka, alikuwa kwangu."

Siku ikafika. Namsifu akasimama mbele, kitabu mkononi, kiti kitupu ubavuni. Mwalimu akamwambia amwite mtu wake. Akawatazama wote watatu, na wote watatu walikuwa wameshainuka nusu.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: kile kiti kilikuwa haki ya nani? Na wale wawili wengine, mngewaambia nini mkifika nyumbani?